Jina Mlangoni mwa Gari

Habari ilimfikia Marcellin kwa mdomo wa Falonne, kama habari zote za mtaa wa Yeoville zinavyofika: imechelewa, tena imetiwa chumvi.

Falonne alikuwa msusi. Saluni yake na kibanda cha ushonaji cha Marcellin vilitenganishwa na ubao mmoja tu. Mtu akipiga chafya huku, kule wanamwitikia. Asubuhi ile alimwacha mteja na kichwa nusu, akaja kuegemea mlango wa fundi, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Papa Marcellin, unashona suruali za walinzi na wenzako wanakuandalia sherehe?"

"Sherehe gani? Mimi na sherehe tulishatengana."

"Eh! Kumbe hawajakwambia. Basi mimi sijasema kitu." Akajifanya anaondoka.

"Falonne."

"Ni siri mpaka Jumapili, papa. Hénock ataninyonga."

"Wewe ukiwa na siri unavimba shingo. Sema kabla hujapasuka, mteja wako anakungoja na kichwa chake cha upande mmoja."

Falonne akacheka, akasema. Lile gari la wagonjwa ambalo chama cha watu wa kwao kilikuwa kinalichangia tangu mwaka juzi, limenunuliwa. Liko gereji hapa hapa mjini, mtaa wa La Rochelle, limepakwa rangi nyeupe, limewekewa kitanda ndani na taa juu. Mheshimiwa mbunge wa kwao, ambaye amekuja Johannesburg kwa mikutano yake, atalizindua.

"Na mlangoni, papa, wameandika jina. Mama Jocelyne! Herufi nyekundu, kubwa hivi. Watalifunika shuka, watafunua mbele ya watu wote, wewe utalia, sisi tutapiga vigelegele."

Akangoja ashukuriwe. Marcellin aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, sindano ikabaki imezama ndani ya kitambaa.

"Nani aliwaruhusu?"

"Kuwaruhusu nini?"

"Jina la mke wangu. Waliliomba kwa nani?"

Falonne akafunga mdomo, na si mara nyingi Falonne hufunga mdomo. Yeye alizaliwa mjini Uvira, ya mlimani hakuyajua. Lakini Hénock, mwenyekiti wa chama, alikuwa mtoto wa mlimani, japo aliondoka huko angali mdogo. Huyo alipaswa kujua, au kama hajui, aulize.

Kwao mlimani mtu akifa jina lake halitembei ovyo. Hubaki mikononi mwa mwenzake aliyebaki, mume au mke, naye hulishika kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba ya jirani aliyesafiri, mpaka azaliwe mjukuu wa kulipokea. Na jina likishakaa mahali, limekaa. Halikalii viti viwili. Jocelyne aliacha mtoto mmoja tu, Arlène, na Arlène sasa alikuwa na mimba kubwa kule kule kijijini. Akizaa msichana, jina lilikuwa lake tangu tumboni. Marcellin hakuwa amebaki na kitu kingine cha mkewe. Hata kaburi lake hakuwahi kuliona.

Kijiji chao kinaitwa Kalumbi, kiko juu ya milima inayotazama Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Njia ya gari inaishia kwenye mto mdogo wa Namwezi. Kuanzia hapo ni mguu wako na Mungu wako. Daraja la Namwezi limejengwa mara nyingi sana, lakini midomoni. Kila uchaguzi linajengwa, kura zikishahesabiwa linabomoka.

Mgonjwa wa Kalumbi hubebwa kwa kipoyi, yaani kitanda cha fito na kamba kinachopandishwa mabegani mwa watu. Desturi ni kwamba kila nyumba inatoa bega moja. Watu wanapokezana, wengine wanabeba, wengine wanatangulia kufyeka majani na kuimba ili mgonjwa asisikie mawe. Hivyo ndivyo wazee walivyoishi, na wengi walipona. Lakini siku hizi mabega ya Kalumbi yako wapi? Yako Johannesburg yanalinda milango ya maduka. Yako Lubumbashi, yako machimboni. Jocelyne aliposhikwa na tumbo msimu wa mvua uliopita, waliombeba walikuwa wanawake na vizee vitatu. Walimteremsha mpaka Namwezi, wakakuta mto umejaa. Wakamweka kwenye majani wangoje maji yapungue. Yalipungua kesho yake. Yeye hakuingoja kesho.

Marcellin alipigiwa simu akiwa anapunguza pindo la sare ya shule. Kwenda kuzika hakuweza, maana karatasi yake ya ukimbizi ni ile ambayo ukitoka nje ya nchi umeitupa. Alikaa hapo hapo kibandani, akamaliza lile pindo, mtoto wa watu alikuwa na shule kesho.

Tangu hapo alikuwa mtu mchungu. Hakumlaumu Mungu, Mungu hakuja Kalumbi kuomba kura. Aliwalaumu walioomba. Alimlaumu mbunge, akamlaumu gavana, akawalaumu waliokula saruji ya daraja kabla haijawa daraja. Alipokwisha kuwalaumu wa kule aligeukia wa hapa: viongozi wa chama, na vikao vyao vya kila mwezi, na soda zao, na ile "hoja imepita". Mwaka mzima walibishana gari liwe la aina gani na rangi gani. Na mwaka huo ndio Jocelyne alikufa.

Basi siku ile alifunga kibanda. Alichukua chupa ya petroli, ile anayotolea madoa ya mafuta ya cherehani kwenye nguo za wateja, akachukua na kitambaa kigumu. Falonne alimwona akipita.

"Unakwenda wapi na petroli, papa? Usituletee polisi!"

"Nakwenda kufua."

Akasimama ukingoni mwa barabara, akainua kidole kimoja juu. Kombi iliyokuwa inapita ikafunga breki pale pale alipo. Kila mara jambo hilo lilimchoma. Hapa mtu mzima, mwenye miguu yake miwili, hana ugonjwa wowote, anainua kidole tu gari linasimama. Na kama hataki kombi, kule Braamfontein kuna mabasi yenye njia yao peke yao, kituo kimeinuliwa kikalingana na mlango wa basi, mlemavu anasukuma kiti chake mwenyewe anaingia bila kumsumbua mtu. Yote hayo waliyafanya watu, si malaika. Akakaa dirishani na chupa yake mapajani, wala hakuongea na mtu mpaka La Rochelle.

Gari alilikuta uani mwa gereji. Lilikuwa zuri, hilo hawezi kulikataa. Lina miguu mirefu ya kukanyaga mawe, ndani kitanda kinachovutwa nje kwa magurudumu, na mkanda wa kumfunga mgonjwa asianguke. Kwenye mlango, nyekundu juu ya nyeupe: MAMA JOCELYNE. Hakuwahi kuliona jina la mkewe limeandikwa kubwa namna ile. Yeye Jocelyne mwenyewe hakujua kusoma.

Akakimwagia kitambaa petroli kidogo, akaanza na herufi ya kwanza.

"Mzee Marcellin! Eish, unafanya nini?"

Alikuwa Hénock, anatoka ofisini kwa mwenye gereji na funguo mkononi. Hénock alikuwa mkubwa wa walinzi kwenye kampuni fulani, mtu wa tumbo na simu mbili, aliyezoea kuongea na watu kama anawapanga mstari.

"Natoa doa."

"Doa! Muzee, hiyo ni heshima tumekupa! Chama kizima kilipiga kura."

"Mlipiga kura juu ya mke wangu?"

"Juu ya jina tu."

"Jina tu." Marcellin aliendelea kusugua. Rangi ilikuwa imekauka vizuri, ilitoka polepole, kitambaa kikawa chekundu. "Baba yako alipokufa jina lake alilishika nani?"

"Mama," Hénock akasema.

"Akampa nani?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Aliwahi kuipa pikipiki jina hilo?"

Hénock alijikuna shingo. Aibu ilimpanda, lakini ni mtu ambaye aibu ikimpanda huongeza sauti. "Bon, tumekosea, hatukuuliza. Tulitaka iwe surprizi. Sisi watoto wa huku tunajua nini? Tusamehe. Lakini nisikilize. Yule mkubwa wetu, mbunge, unajua alitaka nini? Alitaka liandikwe jina lake yeye. Alisema bila jina lake mpakani litalala miezi. Kamati ikatafuta njia ya kumkatalia bila kumkasirisha. Tukasema, tayari tumeliandika jina la marehemu. Marehemu hakataliwi. Hata yeye alishindwa kusema kitu."

"Kwa hiyo mke wangu ni ngao yenu."

"Muzee..."

"Alipokuwa anaumwa hamkumletea gari, amekufa mmempa. Andikeni jina la mbwa wa mbunge, mimi sijali. Hili natoka nalo."

Herufi ya kwanza ilikuwa imeshapotea, na ya pili imebaki mguu mmoja. Hénock hakumzuia. Alisimama tu anazungusha funguo. Ndipo simu ya Marcellin ikalia mfukoni.

Alikuwa Arlène. Kalumbi mtandao unashikika sehemu moja tu, juu ya mwamba nyuma ya kanisa, na kuupanda kwa tumbo lile haikuwa mchezo. Marcellin alishtuka.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi, papa. Mama Falonne ametuma sauti, mtoto aliyekuwa huku mwambani amekuja kuniita. Anasema umetoka na petroli, unakwenda kuchoma gari."

"Mwanamke yule! Sikwenda kuchoma. Nafuta."

"Unafuta nini?"

"Jina la mama yako. Wameliandika mlangoni bila kuniuliza. Usihofu, nimeshaanza kulitoa. Ni la mtoto wako, halitaguswa."

Upepo ukavuma kwenye simu. Marcellin alidhani mtandao umekatika.

"Arlène?"

"Usifute, papa."

"Unasema?"

"Usilifute. Liache."

"Mwanangu, hujui unachosema. Likikaa pale limekaa. Mtoto wako atazaliwa hana bibi."

"Na likitoka pale wataandika la nani? La mkubwa. Likiwa na la mkubwa litalala wapi? Kwa mkubwa. Litabeba bia za mkubwa, na siku nikishikwa na uchungu wataniambia halina mafuta. Lakini likiwa na la mama, papa, hilo ni la Kalumbi. Wanawake wa huku nawajua. Siku wakiliona limepaki mahali pasipo pake, watakwenda wote waulize: Jocelyne anafanya nini huku?"

"Ni maneno ya wanawake hayo. Wale wakubwa hawana aibu."

"Labda. Lakini wengine tuna nini zaidi ya maneno?" Alipumua kwa shida, mwamba ulikuwa umemchosha. "Papa, mimi sijakwambia siku ile ilivyokuwa. Kila nyumba hutoa bega. Nyumba yetu ilitoa la kwangu. Nilikuwa mbele, upande wa kushoto, na alama ya mti iko begani mpaka leo. Mama aliniomba maji, na maji yalikuwa yanapita mbele yetu mto mzima, mama Sagesse tuliyekuwa tunabeba naye akasema tusimpe, tumbo litapasuka. Alikufa na kiu. Sasa mimi watanibeba nani? Wale wale, wamezeeka."

Kitambaa kilikuwa kinamdondokea Marcellin petroli kwenye kiatu.

"Mtoto akizaliwa hai tutamtafutia jina," Arlène akasema. "Majina ni mengi."

"Hilo ni moja."

"Najua, papa." Sasa alikuwa analia. "Nami nililitaka. Unafikiri sikulitaka?"

Mtandao ukakatika kweli. Marcellin alisimama pale uani muda mrefu, kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Kisha alimgeukia Hénock, akamtolea macho kama vile yeye ndiye aliyejaza mto.

"Mwambie fundi wako wa rangi arudishe nilichofuta."

"Asante, mzee. Mungu atakulipa."

"Usimtaje Mungu. Na Jumapili nitakuja na maji. Mkilitaka, mtalipokea kwa desturi. Sitaki jina la mke wangu liende kama limeibwa."

Desturi ya kutoa jina ni hii. Aliyelishika hujaza maji kinywani mbele ya ukoo, husimama mbele ya anayelipokea, humpulizia yale maji, kisha hulitamka jina. Basi. Lakini tangu maji yanapoingia kinywani mpaka yanapotoka, haruhusiwi kusema neno, wala kuyameza, wala kuyatema chini. Akiyameza, jina limerudi kwake. Akiyatema chini, limepotea, hakuna atakayelipata tena, si mtu si gari.

Jumapili walijaa uani mwa kanisa moja hapo hapo La Rochelle, wanawake na vitenge vyao, walinzi wengine bado na sare za zamu, watoto waliozaliwa huku wakikimbizana na kugombana kwa Kizulu. Gari limefunikwa shuka jeupe. Mheshimiwa alikaa kwenye kiti chenye mito, suti ya buluu, viatu vinavyong'aa, mtu wa kucheka na kila mtu.

Marcellin alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mbunge yule. Angemuuliza daraja liko wapi. Angemuuliza kama amewahi kulala Kalumbi hata siku moja. Angemwambia mbele ya watu wake wote wa Johannesburg: wewe ndiye uliyemuua. Angeyasema kwanza, ndipo achukue maji. Alikuwa ameyapanga kama vipande vya suti, yamebaki kuunganishwa tu.

Lakini Hénock, kwa kupenda mambo yaende haraka, alimtangaza mzee Marcellin kabla ya wakati wake. Watu wakapiga makofi. Shuka likavutwa. Vigelegele. Falonne akamshikisha bilauri ya maji mkononi huku analia kuliko yeye. Macho yote yalikuwa kwake, na kwenye lile jina jekundu, limerudishiwa herufi zake, na Marcellin alipoliona maneno yote ya usiku yalimkimbia. Akajaza maji kinywani.

Hapo mheshimiwa akasimama.

"Kabla mzee wetu hajaendelea," akasema akichukua kipaza sauti, "naomba dakika moja tu."

Watu wakacheka, wakikijua kitu kinachoitwa dakika moja ya mheshimiwa. Marcellin alibaki amesimama mbele ya mlango wa gari, mashavu yamejaa.

Mheshimiwa akaanza mbali, tangu uhuru. Akafika kwenye amani, akafika kwenye maendeleo, akamshukuru mkubwa wake na mkubwa wa mkubwa wake. Kisha akateremsha sauti, akamwekea Marcellin mkono begani.

"Mama Jocelyne nilimfahamu," akasema. "Alikuwa mama yetu sote. Alipougua, serikali haikulala. Tulifanya kila linalowezekana. Niliwasiliana mwenyewe na hospitali. Lakini siku yake ilikuwa imefika, na siku ikifika, gari au si gari, mtu anakwenda."

Marcellin alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Hajawahi kumwona Jocelyne! Hamjui kwa sura wala kwa mguu! Hospitali gani aliwasiliana nayo? Maneno yalirudi yote kwa pamoja, yakasukumana nyuma ya yale maji, na maji yakaanza kuchuruzika pembeni mwa mdomo. Akabana midomo. Aliyesimama karibu yake, mzee mmoja wa mlimani aliyeitwa Salum, aliyaona yale maji yanavyotoka, akamnong'oneza kwa hofu, "Vumilia, ndugu yangu. Usiyamwage, kwa ajili ya mtoto wako kule. Vumilia."

"Na kuhusu daraja," mheshimiwa akaendelea, "wataalamu wako kazini. Mwakani, Mungu akipenda, gari hili litavuka Namwezi bila kulowa tairi."

Watu wakapiga makofi. Wapo walioamini. Wapo waliopiga kwa sababu wenzao wamepiga. Marcellin alimtazama mtu yule kwa karibu sana, akaona jasho dogo juu ya mdomo wake na kovu la kunyolewa kidevuni, na alijua kwamba akifungua kinywa tu, neno moja tu, roho yake itapoa kwa mara ya kwanza tangu msimu ule wa mvua. Neno lilikuwepo. Lilikuwa tayari ulimini.

Taya zilianza kumtetemeka. Machozi yalimtoka, yakateremka mpaka kwenye midomo iliyobanwa, na yeye akasimama tu, mashavu yamevimba kama mtoto anayelazimishwa dawa. Baadhi ya watoto wakamcheka. Mama zao wakawapiga makofi ya mgongoni.

Mpaka mheshimiwa alipokaa.

Marcellin akasogea mlangoni. Akapuliza. Maji yakaenea juu ya jina lote, yakachirizika kwenye herufi, na akalitamka kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia: "Jocelyne."

Vigelegele vikapanda. Hénock akamkumbatia, mheshimiwa akampa mkono na mpiga picha akapiga. Sasa kinywa kilikuwa tupu na angeweza kusema lolote alilotaka. Alitafuta, hakupata kitu. Akachukua kofia yake, akaenda zake.

Gari lilisafirishwa, likapitia Zambia, likapandishwa meli ziwani. Marcellin hakuuliza habari zake. Falonne ndiye aliyemletea kila hatua kupitia ule ubao. Limefika bandarini. Mkubwa alilikalia wiki mbili nyumbani kwake, akisema linasubiri baraka za gavana. Wanawake wa Kalumbi waliteremka mlima mzima, wakakaa mbele ya geti lake na masufuria yao wakipika, wakiita jina lile kama wanamwita mtu atoke nje. Siku ya tatu akawapa funguo.

"Unaona, papa!" Falonne akapiga ubao kwa furaha. "Unaona!"

"Naona wiki mbili," Marcellin akasema.

Mvua zilianza. Daraja halikuwepo, wala hata mtaalamu mmoja hakuonekana pale na kamba ya kupimia. Uchungu ulimshika Arlène alfajiri. Wanawake wakampandisha kwenye kipoyi, wakamteremsha mpaka Namwezi, na maji yalikuwa mengi lakini si kama ya mwaka ule. Ng'ambo ya pili gari lilikuwa limeshafika, taa zinawaka. Waliingia mtoni mpaka kifuani, wamemwinua juu ya vichwa vyao, na dereva, kijana wa ziwani, aliingia majini na viatu vyake akaja kuwapokea. Arlène alijifungua hospitalini, kitandani, na nesi pembeni.

Haya yote aliyasimulia mwenyewe kwa simu, kesho yake, sauti imechoka na ina kicheko ndani.

"Ni msichana, papa. Mzima kabisa. Ana pua ya mama, kila mtu anasema. Wanaingia wanamtazama, wanasema huyu ni yule yule."

Marcellin alikuwa ameshika suruali ya mtu. Aliiweka chini.

"Mungu asifiwe," akasema.

"Wanawake wameniuliza anaitwaje. Nikawaambia nitamuuliza papa."

Nje kombi zilikuwa zinapiga honi, na ng'ambo ya ubao kifeni cha kukaushia nywele kilikuwa kinavuma. Marcellin alitafuta kichwani mwake. Akapita kwa mama yake, limeshachukuliwa na mtoto wa kaka. Akapita kwa shangazi. Akapita kwa majina ya kanisani, majina ya wateja, majina yaliyoandikwa juu ya saluni za mtaani. Kila alilolishika lilikuwa la mtu mwingine.

"Tafuteni ninyi huko," akasema mwishoni. "Lolote."

Arlène akasema taratibu, "Basi ongea naye. Nimemwekea simu sikioni. Anakusikia."

Marcellin alisikia pumzi ndogo, ya haraka, na kitu kama mdomo unaotafuta titi. Alikaza simu sikioni. Alitaka kumwita. Alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili lililokuja mbele ni lile lile alilokwisha kulitoa, ambalo wakati huo lilikuwa limeegeshwa nje ya hospitali kwenye mvua, matope mpaka madirishani.

"Halo," akasema hatimaye, kwa sauti ya adabu, kama anavyowasemesha watu wanaoingia kibandani kwa mara ya kwanza. "Halo. Wewe ni nani, mama? Karibu. Karibu sana."